Harusi Iliyoikimbia Mvua

Katika picha za harusi yangu hakuna hata tone la mvua. Kuna vumbi. Vumbi kwenye viatu vya wasimamizi, vumbi juu ya keki, na katika ile picha kubwa ya uwanjani watu wote wamekunja nyuso kwa jua, mchungaji akiwa wa kwanza. Mwezi uliopita nilizitia picha hizo kwenye kikapu nikaenda nazo Ruiru, nyumbani kwa Daktari Kamande, aliyekuwa mkubwa wetu kazini na ambaye sasa ametimiza miaka themanini. Wanawe walikuwa wamemwandalia chakula cha mchana, wakatualika sisi tuliofanya kazi naye zamani: mimi, Okumu na Zainabu. Okumu amenenepa na nywele zimemkimbia. Zainabu bado ni mwembamba na bado anasahihisha watu. Bwana harusi wa picha hizo, Muiruri wangu, tulimzika mwaka juzi, na sikubeba picha ili nilie. Nilikuwa nimelia vya kutosha, nilitaka tucheke naye kidogo. Daktari alizipitia moja moja, akizisogeza karibu na macho, kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote ile: "Wanjiru, kama mvua ingekosa kunyesha, ungetusamehe?" Tulicheka wote. Sikumjibu, kwa kuwa pilau ilikuwa inaingia, na mbele ya pilau Okumu hamruhusu mtu kuzungumza mambo mazito. Jibu nililibeba nikarudi nalo nyumbani.

Mwaka wenyewe ni 1997. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo pale Juja, nikapata kazi katika mradi mdogo uliokuwa umekodi nyumba mjini Thika, nyumba ya mabati mekundu yenye sebule kubwa na mlango wa nyuma usiofunga. Kazi yetu ilikuwa kuchukua utabiri wa msimu, yaani habari za wataalamu kuhusu mvua ya miezi michache ijayo, na kuugeuza uwe ushauri ambao mkulima wa Kiganjo au afisa wa wilaya angeweza kuutumia. Daktari Kamande alikuwa mtu wa anga na mawingu. Okumu alikuwa mtu wa mito. Zainabu, mzaliwa wa Majengo pale pale Thika, alijua mimea na wadudu wake wote. Mimi nilikuwa mdomo wa ofisi, wa kwenda kusimama mbele ya watu na kueleza. Leo kazi kama hiyo ina jina refu. Hufanyiwa mikutano kwenye hoteli zenye mazulia, watu wamevaa vitambulisho shingoni, na neno tabianchi hutajwa kabla ya chai ya saa nne na baada yake. Siwacheki, kwa sababu nami nilivaa vitambulisho hivyo mpaka nikastaafu. Lakini sisi tulianzia kwenye meza ya kulia chakula, na ramani yetu ya bahari ilikuwa na doa la mchuzi upande wa Australia.

Doa hilo lilikuwa la Okumu. Yeye aliamini kwamba mtu mwenye njaa hawezi kufikiri, kwa hiyo alikuwa ameweka stovu ya mafuta taa jikoni na kila siku alikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, kwa nyanya na pilipili. Zainabu alifungua madirisha yote kwa kishindo ili Okumu ajue anamchukiza, kisha saa saba akaja na sahani. Ijumaa yeye ndiye aliyeleta chakula, sufuria ya pilau kutoka kwa mamake iliyofungwa kwa leso, na siku hiyo hatukugombana hata kwa jambo la kisayansi. Daktari alikula githeri yake, mahindi na maharagwe, kutoka kwenye themosi, amesimama mbele ya ramani, akitafuna polepole na kuitazama bahari. Nyuma ya ua wetu wa miiba ya kei-apple kulikuwa na bomba ambapo akina mama wa jirani walichotea maji, na kupitia ua tuliwasikia wakituzungumza bila kushusha sauti. "Hawa watu wa mvua," mmoja alisema siku moja, "mimi nawaonanga wakikula tu." Mwenzake akamjibu, "Si ndio kazi. Wanangoja mvua wakikula." Okumu alitaka kutoka nje akajitetee, lakini alikuwa na kijiko mdomoni.

Njia yetu ya kukubaliana ilikuwa ya Daktari mwenyewe. Aliweka vikombe vitatu vya chai mezani: cha kushoto mvua nyingi, cha katikati mvua ya kawaida, cha kulia mvua haba. Kisha alitoa maharagwe makavu, kiganja kimoja. Kila mtu alisoma karatasi za faksi zilizotoka Nairobi, zenye habari za joto la bahari na mwendo wa upepo, halafu akahamisha maharagwe kutoka kikombe kimoja hadi kingine na kueleza kwa nini. Mwenzake akipinga, aliyarudisha, naye akaeleza. Tungeweza kubishana asubuhi nzima juu ya maharagwe mawili. Sheria ilikuwa kwamba hakuna kikombe kinachoachwa kitupu. Siku tutakapoacha kikombe kitupu, Daktari alisema, tutakuwa tumegeuka waganga, na waganga wana kazi yao. Alitukataza pia kutamka neno "itanyesha". Tuliruhusiwa "kuna uwezekano mkubwa", na tukiwa na haraka, "uwezekano" peke yake. Nilipomuuliza kama na yeye nyumbani husema hivyo, aliniambia mkewe alishazoea.

Mwezi wa Agosti kikombe cha kushoto kilianza kujaa. Bahari ya Pasifiki, kule upande mwingine wa dunia, ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida, ile hali iitwayo El Nino, na kwa nchi yetu hiyo mara nyingi huwa habari ya mvua kubwa wakati wa vuli, msimu ambao wazee wetu huuita mvua ya mwere, yaani ya uwele. Okumu alikuwa wa kwanza kuhamisha maharagwe. Zainabu aliyarudisha, akasema hawezi kuwatisha wakulima kwa sababu ya faksi mbili. Ikaja ya tatu, na nyingine tena. Siku Zainabu alipochota maharagwe kwa mkono wake mwenyewe, akayatia kikombe cha kushoto bila neno, Okumu alienda jikoni akazima stovu. Tuliketi tukivitazama vile vikombe. Hata Daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kutotishika, aliacha githeri ikapoa.

Sasa, jioni za mwaka huo huo mimi nilikuwa katika mkutano mwingine kabisa. Muiruri alikuwa fundi wa pampu za maji katika shamba moja la kahawa huko Ruiru, kijana mrefu mwenye mafuta ya mashine chini ya kucha na kicheko cha kuchelewa, kile kinachokuja wenzake wakishanyamaza. Ruracio ilikuwa imekwisha, mahari imezungumzwa, mbuzi wameliwa, na familia mbili zilikuwa zimekubaliana tarehe: Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Mahali pangekuwa uwanja wa chini ya daraja huko huko Ruiru, karibu na mto, kwa kuwa ulikuwa mpana na nyasi zake nzuri. Kila Alhamisi kamati ya harusi iliketi kwa kina Muiruri, nami nilikuwa mwanakamati mkali. Yaani mchana nilikuwa Thika nikijaza maharagwe kwenye kikombe cha mvua nyingi, na jioni nikawa Ruiru nikibishana kuhusu mahali pa kupanga viti uwanjani, kando ya mto, mwezi wa Novemba. Sikuona tatizo lolote. Mtu atasema mapenzi yalinipofusha, lakini wenzangu watatu pia walikuwa na kadi za mwaliko na hawakuona chochote. Okumu, mtaalamu wa mafuriko, alikuwa amesifu uwanja ule kwa sababu gari lake lingeweza kuegeshwa karibu kabisa na maji. Mganga hajigangi, na sisi tulikuwa wanne katika nyumba moja.

Aliyeona alikuwa Mama Njoki. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kiganjo ambao mashamba yao yalikuwa bondeni, kando ya kijito, mahali maji yakija huja yote. Tulikutana nao katika ukumbi wa kanisa mwishoni mwa Agosti. Nilivaa sketi yangu ya heshima, Daktari akaketi mbele kwenye kiti cha mzee wa kanisa, Okumu na Zainabu wakasimama mlangoni. Nilieleza kuhusu bahari na joto lake. Mama Njoki alinyoosha mkono. "Hiyo bahari iko wapi?"

"Mbali sana, Mama Njoki. Upande ule mwingine wa dunia."

"Na maji ya huko imejuaje shamba yangu?"

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka, nikaeleza habari za upepo kadiri nilivyoweza. Kisha nilipanga vikombe vyangu vitatu kwenye meza ya sadaka na kuyagawa maharagwe, nao wakasogea kutazama. Hapo walielewa mara moja, nikajisikia mtaalamu hasa. Niliwaambia wachimbe mitaro ya kutolea maji kabla ya msimu, wainue maghala yao ya mahindi, na wasipande mbegu yote bondeni. Mama Njoki alivitazama vikombe muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ngoja kwanza," alisema. "Wewe si ndio bibi arusi wetu wa Novemba?"

"Ndio, mama," nikasema, nikitabasamu, kwa maana kikundi chake kilikuwa pia kikipika kwenye harusi za watu, na kamati yetu ilikuwa imewapa kazi ya harusi yangu.

"Tumeambiwa tuwashe moto nje. Kwa ile uwanja ya chini ya daraja." Aligusa kikombe cha kushoto kwa kidole. "Sasa niambie. Mwezi wa Novemba tuchimbe mitaro ama tulete sufuria?"

Ukumbi mzima ukaanguka kwa vicheko. Kuna mwanamke aliyejilaza kwenye benchi kwa kucheka. Nilimtazama Daktari, naye alikuwa akiangalia dari. Nilisema kuna uwezekano, nikasema tena uwezekano, na kila niliposema walizidi kucheka. Mama Njoki peke yake hakucheka. Alingoja watulie. "Mimi sikuchekelei, mwanangu," alisema. "Kuchimba mtaro ni kazi ya mgongo, na mgongo niko na huu mmoja tu. Wewe ndio umesoma hizo karatasi. Vile wewe utafanya na arusi yako, ndio sisi tutafanya na shamba." Akaketi. Mkutano uliishia hapo, ingawa tulifunga kwa maombi.

Tulirudi ofisini kwa Landrova yetu kuukuu. Daktari, akiwa kwenye usukani, alisafisha koo. "Harusi yako si kazi yangu, Wanjiru. Lakini vikombe ni kazi yangu."

Okumu aliinama mbele kutoka kiti cha nyuma. "Daktari, na wewe si ulikuwa na kadi? Tangu Julai?"

"Nilikuwa nayo," Daktari alikiri. "Niliitumia kuwekea alama kwenye kitabu cha mawingu."

Tulicheka mpaka Zainabu akatoa machozi, lakini nilipobaki peke yangu sikucheka tena. Nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Nisipohamisha harusi, wanawake wale hawatachimba, na kama mvua itakuja watapoteza chakula cha mwaka. Nikihamisha harusi na mvua isije, nitakuwa nimevunja neno la familia mbili kwa ajili ya maharagwe, na hakuna mtu Thika nzima atakayesikiliza ofisi yetu tena. Na kikombe cha kulia hakikuwa kitupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaona maharagwe mle ndani.

Nilimfuata Muiruri kwenye kibanda cha pampu, nikaketi juu ya kreti nikamweleza yote, naye akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Aliniuliza, "Wewe unaamini itanyesha?"

"Naamini kuna uwezekano mkubwa wa—"

"Wanjiru. Mimi sio wilaya."

Nilivuta pumzi. "Naamini."

"Basi tusongeshe. Septemba iko na ubaya gani?" Akarudisha kitambaa mfukoni. "Ubaya ni mama."

Ubaya ulikuwa mama kweli, na haukuwa mama peke yake. Harusi ya kwetu huahirishwa, hilo watu wanalielewa. Pesa hazijatosha, mtu amefiwa. Harusi kuwahishwa ni jambo lingine. Alhamisi iliyofuata, sebule ya kina Muiruri ilijaa mpaka watu wakakalia mikono ya makochi, juu ya vile vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa sindano, na kila mmoja alikuwa na kikombe cha chai ya maziwa na mandazi mawili. Muiruri alisema neno lake: tunaomba iwe Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kwa sababu ya mvua. Nilienda jikoni kuongeza chai, nikasimama nyuma ya pazia kwa sababu shangazi zake walikuwa ndani na walikuwa wakiongea juu yangu. "Kwa sababu ya mvua!" mmoja alisema. "Ngai! Mimi nimeishi Ruiru hii miaka yote, sijaona mvua ya kuharakisha arusi." Mwingine akashusha sauti, lakini si sana: "Iko. Hiyo mvua ni ya miezi tisa." Walicheka wakipigana mabega. Nilirudi sebuleni na birika tupu, mashavu yananiwaka.

Nikaona hakuna njia nyingine. Niliomba vikombe vitatu vilivyokwisha chai, nikavifuta, nikavipanga mbele ya Mama Muiruri, nikatoa maharagwe kwenye mkoba wangu. Nilieleza kama nilivyoeleza Kiganjo. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, muuza maziwa aliyezoea kupima. Aliinamia meza. "Hizi nyingi ni mvua kubwa," alisema.

"Ndio, maitu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Na hizi kidogo za huku?"

"Hizo ni za mvua haba. Nayo inawezekana."

"Yaani tunaweza kuhama arusi, ng'ombe haijanona, nguo haijashonwa, alafu Novemba jua iwake?"

Chumba kizima kiliningoja. Ningeweza kuyafunika yale maharagwe machache kwa mkono. "Inaweza, maitu," nikasema. "Tunaweza kuhama bure."

Aliegemea kochi na kunitazama. "Kila mtu anakujanga hapa na hakika yake," alisema mwishowe. "Wa siasa, wa kuuza dawa ya ng'ombe, hata huyu mchungaji wetu. Hakuna mmoja amewahi niambia, mama, hii inaweza kuwa bure." Alichukua andazi. "Huyu tunaweza kuishi na yeye. Wacha tuhame."

Aliyeweka masharti alikuwa shangazi yangu, Tata Wambui, ambaye alikuwa amekaa kwenye kona muda wote ule bila neno, ishara mbaya sana kwake. Alisema kama watu wanahesabu miezi tisa, watajionea kwa macho yao wenyewe. Kesho yake alinipeleka kwa fundi wa nguo mjini Thika na kusimama juu yake kama askari. "Bana hapo kiunoni," alimwambia. "Bana tena. Nataka mtu wa nyuma kabisa asome mwenyewe." Fundi alisema bibi harusi atahitaji kupumua. Tata Wambui alijibu kwamba nitapumua Jumapili.

Basi nilioana na Muiruri mwishoni mwa Septemba, nikiwa nimebanwa, juani, katika uwanja uliokauka mpaka nyasi zake zikawa za rangi ya mkate. Ng'ombe alikuwa mwembamba na nyama ikawa ngumu, watu wakatafuna kwa bidii na kusifu mchuzi. Nilizungushwa na Tata Wambui kutoka meza hadi meza, kwa kisingizio cha kusalimia, mpaka hakuna shangazi hata mmoja ambaye hakukiona kiuno changu. Okumu alicheza mpaka shati likatoka. Zainabu alisimamia wali, akamsahihisha Mama Njoki juu ya chumvi, wakagombana, na kabla ya alasiri walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Wakati wa hotuba Mama Njoki alipanda jukwaani akiwa na mwiko mkononi, ingawa hakuwa kwenye ratiba, akachukua kipaza sauti. "Mimi sijui bahari," alisema. "Sijui Daktari anaangalianga nini huko juu. Lakini najua arusi. Hakuna mtu anahama arusi hivi hivi. Na mmemwona, hakuna kitu ameficha hapo." Uwanja ulipiga kelele. Kisha akageuka upande wa wenzake, waliokuwa kwenye masufuria. "Jumatatu. Majembe." Nilifurahi siku hiyo kuliko ninavyoweza kuandika.

Walichimba. Habari zilifika mbali kuliko mikutano yetu yote: kuna msichana wa ofisi ya mvua ameikimbia mvua na harusi yake. Watu wa mabonde mengine walikuja kutazama mitaro ya Mama Njoki na kurudi kuchimba yao. Halafu Oktoba ikaingia na jua. Nilikuwa nimepanga na Muiruri chumba kimoja Kiganjo, chenye mlango wa buluu na dirisha lililoangalia kioski, na kila asubuhi nilitoka kutazama anga kabla sijanawa uso. Ilikuwa safi, buluu, bila aibu. Muuza kioski alianza kuniita Bibi Mvua. "Bibi Mvua, sasa? Mwavuli iko wapi?" Siku moja nilimkuta Mama Njoki ameketi kwenye ukingo wa mtaro wake, viganja vimetoka malengelenge, naye hakuniuliza kitu, na kutokuuliza kwake kuliniuma zaidi. Jioni hiyo sikula. Niliketi mlangoni, Muiruri akaja akaketi kando yangu na papai, akalikata, akanipa kipande kikubwa. "Wewe acha kuhangaika," alisema. "Hata isiponyesha, mimi nimekupata miezi miwili mapema. Wengine wadai Daktari. Mimi sidai mtu." Kisha, baada ya kitambo, akacheka kile kicheko chake cha kuchelewa. Nilimwambia anatafuna kwa sauti.

Mvua ilikuja mwezi huo huo, na ilipokuja haikubisha hodi. Ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani, nimefunika mdomo, kwa furaha ya kutoaibika. Baada ya wiki chache sikucheka tena, kwa sababu kule Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, maji yaliingia kwenye vyumba vya watu ambao hakuna aliyewapangia vikombe mezani, na barabara zilikatika. Hilo nililibeba katika kazi yangu yote, na ndilo lililonifanya niwe msumbufu katika mikutano ya hoteli. Lakini bondeni kwa Mama Njoki maji yalifuata mitaro hadi kijitoni, ghala likabaki juu, na maharagwe aliyopanda mteremkoni yalisimama. Si kila kitu kilipona. Kilichopona kiliwatosha kula.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mimi na Muiruri tulienda Ruiru kwa miguu sehemu kubwa ya njia, tukasimama juu ya daraja chini ya mwavuli mmoja. Uwanja haukuwepo. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai, na mahali ambapo kamati ilikuwa imepanga meza ya keki bata wawili walikuwa wakiogelea kwa utulivu. Tuliwapigia makofi. Tuliporudi Kiganjo, tumelowa hadi mifupa, tulikuta mlango wetu wa buluu uko wazi na moshi unatoka. Mama Njoki na wenzake walikuwa ndani, wamejifunika magunia ya nailoni mabegani, sufuria kubwa ya githeri juu ya jiko letu. "Si tulikubaliana tarehe hii tutapika?" alisema bila kugeuka. "Nyinyi ndio mlihama. Sisi hatujahama." Okumu, Zainabu na Daktari walifika wakiwa na matope hadi magotini. Tulikula tukiwa tumebanana kitandani na sakafuni, mvua ikinguruma juu yetu. Muiruri alimkabidhi Daktari bakuli, na Daktari akalitazama ndani kabla ya kula, akauliza maharagwe haya ni ya kikombe gani.

Siku moja baada ya ile pilau ya Ruiru nilimpigia Daktari simu. Niko Kiganjo bado, ingawa sasa nina vyumba vinne na kamba ndefu ya nguo. "Daktari," nikamwambia, "lile swali lako. La mvua kukosa."

"Mm."

"Nisingekuwa na la kuwasamehe. Ile Septemba mwisho na ile Oktoba ya jua, hazikuwa zangu. Zilikuwa za mtu ambaye bado hajaolewa. Nyinyi mlinipa. Tangu tumzike nimekuwa nikizikumbuka hizo kuliko miaka yote mingine, papai na mlango na kila kitu. Hata tone moja lisingeanguka, bado ningekuwa na miezi miwili zaidi ya kuwa naye."

Kisha nikamsikia akivuta kiti, akiinuka, akienda dirishani kama alivyofanya siku zote.

"Hiyo hakuna aliyeiweka kwenye kikombe," alisema. Kisha akauliza: "Una nguo nje?"

"Ninazo."

"Zitoe kwenye kamba, Wanjiru. Itanyesha."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Niliweka simu chini, nikatoka nje, nikaanua.